Bado Sikio

Mwinjuma alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliishi nayo miaka yote ya ndoa bila kuitilia maanani. Kila asubuhi akitoka kwenda shamba, jembe begani na dumu la maji mkononi, akifika pale njia inapoanza kushuka bondeni, aligeuka nusu. Hakuwa amesahau kitu. Aligeuka tu, bega moja huku, bega jingine kule, akaitazama nyumba yake, kisha akashika njia. Rukaya alikuwa akimwona kupitia mlango wa jikoni na kujisemea, huyu naye anadhani nyumba itakimbia. Hakumwuliza hata siku moja. Mambo ya kila siku nani huyauliza?

Masika ya mwaka juzi homa ilimpanda ghafla, na walipomfikisha hospitali Mungu alikuwa ameshapitisha amri yake. Akazikwa hapo hapo kijijini Sindeni baada ya sala ya adhuhuri, mvua ikinyesha, watu wakasema ni dalili njema. Rukaya akaingia eda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mjane hujikalia ndani. Hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, havai cha kung'aa, hatoki ila kwa dharura. Wengine huiona kama kifungo, lakini Rukaya hakuiona hivyo. Alisema Mungu amempa nafasi ya kulia vizuri, bila kuulizwa mahindi yamepaliliwa au hayajapaliliwa. Binti yake Yusra, aliyeolewa Mkata, alikaa naye mwanzoni, kisha akarudi kwa mumewe. Wifi yake Mwantumu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Korogwe na begi la nguo na masharti yake.

"Kioo kile kifunike, wifi."

"Nimeshakifunika, dada."

"Na redio?"

"Redio betri zake zilikufa kabla yake."

Mwantumu akamtazama kuona kama ni utani. Haukuwa utani. Hakuwa mwanamke mbaya, Mwantumu, ila alikuwa na mdomo uliozoea kutiiwa. Mama yao alipofariki wakiwa wadogo, yeye ndiye aliyembeba Mwinjuma mgongoni, akambeba mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuza chini na watu wakamcheka. Kwa hiyo alipolia, alilia kama mama. Arobaini ilipopita, akarudi kwake Korogwe, na Rukaya akabaki na nyumba.

Jambo lililomtisha lilikuja baadaye, watu walipokwisha kupungua mlangoni. Asubuhi moja, amemaliza kuswali na yuko juu ya mkeka, alitaka kumwona mumewe akigeuka pale njiani. Aliliona jembe. Aliliona shati la buluu lililopauka mgongoni. Alipoutafuta uso, ukawa kama wa mtu aliyesimama nyuma ya moshi wa kuni. Akafumba macho, akajaribu tena. Moshi.

Picha hakuwa nayo. Mwinjuma hakupenda kupigwa picha. Simu zikielekezwa kwake harusini alikuwa akijiondokea kama anayekwenda kujisaidia. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na kitambulisho chenyewe kilichukuliwa na Mustapha, mtoto wa Mwantumu, kwa ajili ya kushughulikia mirathi. Hata hivyo uso ule wa kitambulisho ulikuwa wa mtu aliyeamrishwa asicheke. Rukaya hakuutaka. Alitaka ule wa kugeuka. Aliogopa kwamba eda itakwisha, atatoka nje, ataitazama ile njia, na hatajua tena ni nani aliyekuwa akipita pale.

Mvua za mwaka ule zilipenya paa, zikaulainisha ukuta wa chumba cha ndani, na udongo ukabomoka kipande kikubwa juu ya kitanda. Kukandika nyumba ni kazi aliyoijua tangu usichana. Akamwomba jirani amletee ndoo mbili za udongo na kinyesi cha ng'ombe, akakanda, akapaka, akalainisha kwa kiganja. Alipokuwa akimalizia, kidole chake cha shahada kiliteleza, kikachora mstari mmoja wa kupinda. Akataka kuufuta. Mkono ukasita hewani.

Mstari ule ulikuwa bega la Mwinjuma. Halikuwa bega la mtu mwingine yeyote. Lilikuwa lile la kushoto, lililoshuka kidogo kwa sababu ya kubeba magunia ya mihogo ujanani.

Rukaya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tope limekauka mikononi, akalitazama bega hadi muadhini alipoadhini. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Shule aliishia darasa la saba, na huko walichora bendera na ramani ya Afrika, basi. Hakuwahi hata kufikiri kwamba mkono wake una kitu ndani.

Kesho yake akajaribu kuongeza mgongo, ukatoka wa mbuzi. Akafuta. Akajaribu kwa mkaa, ukatoka wa mbuzi mwingine. Siku nyingi zilikwenda hivyo, na ukuta ukawa mweusi kama wa jikoni. Ndipo akagundua njia yake. Alichovya kidole kwenye maji safi, akachora ukutani kwa maji matupu. Mstari wa maji huonekana kwa muda, ukiwa na rangi ya udongo mbichi, kisha hukauka na kupotea. Kama ulipopotea roho yake ilisema haidhuru, basi ulikuwa uongo. Kama ulipopotea alishtuka, kama mtu aliyeponyokwa na kitu mkononi, basi ulikuwa wa kweli, na hapo aliuwahi kwa mkaa kabla haujamtoka kichwani. Kazi ilikwenda taratibu mno. Lakini mwenye eda anakimbilia wapi?

Rangi zilikuwa shida. Masizi ya sufuria alikuwa nayo, chokaa ilikuwepo, udongo wa manjano aliukwangua kwenye kuta za zamani za banda. Nyekundu aliletewa na Simaloi, mama wa Kimaasai aliyekuwa akipita na maziwa asubuhi.

"Takwenya, Mama Yusra!" Simaloi aliamkia kwa Kimaasai mlangoni.

"Iko," Rukaya aliitikia. "Karibu ndani."

Simaloi aliingia, kibuyu kwapani, akaona vibakuli vya tope vimepangwa sakafuni. Akacheka mpaka shanga zikalia.

"Wewe! Mume amekufa, sasa unakula udongo? Una mimba?"

"Mimba kwa umri huu? Tena ya nani, Simaloi? Naandika ukuta."

"Unaandika nini?"

Rukaya akamwonyesha. Simaloi akakaribia, akaweka kidole juu ya lile bega bila kuligusa. Kicheko kikamkauka.

"Huyu ni yule mzee wa kugeuka," alisema. "Mimi nikipita na ng'ombe namwona. Nasema, yule mzee anaangalia nani? Kumbe alikuwa anakuangalia wewe."

Kwa Rukaya ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Simaloi alipokuja tena alileta fungu la ule udongo mwekundu wanaojipaka vijana wao, amelifunga kwenye jani la mgomba, akakataa kupokea kitu. "Maziwa nauza," alisema. "Udongo ni wa Mungu."

Udongo mtupu ukikauka hupukutika. Rukaya akakumbuka watoto wanavyogandisha tiara za karatasi kwa uji wa mhogo, naye akapika uji mwepesi, akachanganyia. Ukashika. Furaha yake haikufika mbali, maana panya walikuja wakalamba mguu mzima wa Mwinjuma hadi gotini. Rukaya alicheka peke yake, akajiziba mdomo kwa kuwa alikuwa edani. Akachemsha majani ya mwarobaini, akaupika uji kwa maji yale machungu. Panya hawakurudi. Uji ukiwa mzito, rangi ilipasuka kama kisigino. Ukiwa mwepesi, ilitiririka. Akajifunza kuuonja kwa vidole viwili, akivibana na kuviachia, mpaka akaujua ule unaotakiwa na ukuta.

Kijani kilimshinda. Alitwanga kisamvu, akatwanga majani ya kunde, yote yakageuka kahawia baada ya siku chache. Basi shamba alilolichora nyuma ya mumewe likawa la kiangazi, mahindi yote makavu, na Mwinjuma akawa anakwenda na jembe mahali ambapo hakuna cha kupalilia.

Alifanya kazi asubuhi tu, jua likiwa bado linaingia kwa dirisha dogo, na alianza kwa bismillahi. Ijumaa hakugusa ukuta. Uso aliuacha mwisho. Aliuogopa. Chuoni, walipokuwa watoto, walifundishwa kwamba wachora sura za viumbe wataambiwa siku ya kiyama wavipulizie roho, na hawataweza. Siku nyingi alilala na neno hilo. Akawa anamwambia Mola wake kama anavyozungumza mtu na mzazi: mimi siumbi, Ya Rabi. Uliyemuumba ni wewe. Mimi nakumbuka tu.

Kisha asubuhi moja alichora kwa maji upande mmoja wa uso, paji, pua, kidevu chenye ndevu chache, na yale maji yalipoanza kukauka alishtuka mpaka akapiga kelele. Akauwahi kwa mkaa. Shavu akalitia wekundu kidogo, akalisugua kwa kidole gumba. Na pale alipolisugua, chini ya jicho, uso ukageuka. Mwinjuma alikuwa anaitazama nyumba. Hakuwa anacheka, wala hakuwa amenuna. Alikuwa kama mtu anayehakikisha kwamba kila kitu chake kipo.

"Umerudi?" Rukaya alisema kwa sauti.

Aliposikia alichokisema, akakaa chini, akaleta istighfari hadi adhuhuri. Lakini hakufuta. Kuanzia siku hiyo alilala usingizi mzima.

Eda ilipokwisha, Mwantumu alikuja na wanawake wengine kumtoa, kama ilivyo desturi. Wanamwogesha, wanamvisha nguo mpya, wanamsomea dua, wanakula. Rukaya alikuwa amekwisha kuogeshwa uani, ana khanga mpya yenye harufu ya duka, wakati Mwantumu alipoingia chumba cha ndani kumtafutia kandambili. Wakasubiri. Kandambili hazikuja. Ikaja sauti.

"Nini hiki? Njooni. Njooni nyote mwone."

Wanawake wakaingia, wakajaa chumbani. Mmoja akasema, "Subhanallah, si Mwinjuma huyu?" Mwingine akaanza kulia. Hilo ndilo lililomchoma Mwantumu zaidi, kwamba wameguswa.

"Tulidhani uko edani unalia," alimwambia Rukaya mbele yao wote. "Kumbe unapamba. Kaka yangu umempaka ukutani kama tangazo la soda!"

"Wifi, sikupamba. Nilikuwa naanza kumsahau."

"Miezi michache tu unamsahau? Ulikuwa mke wa namna gani?" Akageukia wenzake. "Na hitima tulizomsomea humu ndani? Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu ya kiumbe, si mnajua? Kila tulichomsomea kiliishia pale mlangoni. Kaka yangu hajapata kitu. Huyu amemzuilia!"

Rukaya angeweza kuvumilia matusi. Kuambiwa hakulia, angevumilia. Lakini hili la hitima liliingia kama mwiba wa mchongoma. Aliona wasomaji wamekaa mkekani, misahafu imefunguliwa, sauti zinapanda, na mlangoni kuna malaika waliozijia zile dua wamesimama, wanamwona Mwinjuma ukutani, wanageuka na kuondoka. Hakukumbuka hata kwamba hitima nyingi zilisomwa kabla hajachora mstari mmoja. Mtu akitishwa kwa kitu anachokipenda hesabu humpotea.

Akaitwa Mwalimu Hiza wa madrasa, mzee mpole mwenye kikohozi. Alisimama mbele ya ule ukuta muda mrefu. Alikuwa rafiki wa marehemu.

"Ni yeye," alisema taratibu. "Ni yeye kabisa." Kisha akainamisha macho. "Eda yako haikuvunjika, Mama Yusra. Pambo linalokatazwa ni la mwili wa mjane, si la ukuta. Na dua hupokelewa na Mungu, hazipokelewi na ukuta. Hilo usilitie moyoni."

"Na sanamu, mwalimu?" Mwantumu aliuliza.

Mwalimu akakohoa. "Sura ya kiumbe haifai kukaa mahali pa kuswalia. Walivyotufundisha, ikikatwa kichwa si kiumbe tena, ni kama mti. Aondoe kichwa tu. Mwili na shamba aviache." Akamtazama Rukaya, akamwonea huruma. "Si lazima leo. Fanya mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ya nini, mwalimu?" alisema Mwantumu. "Tukifa leo?"

Rukaya angeweza kusema nipe siku hizo chache nimtazame, nimjaze machoni. Mwalimu angemsikiliza. Lakini alikuwa mtu wa kutii tangu utoto wake, na alikuwa amevikwa nguo mpya, na watu wanasubiri kula. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye maji.

Uji aliokuwa ameupika vizuri ulimgomea. Aliupa ukuta uji bora kuliko wote kwa ajili ya uso ule, na sasa ilibidi asugue kwa nguvu, mara tatu, mara nne, mahali pamoja. Jicho lilitoka. Pua ikatoka. Zile ndevu chache zikateremka ukutani kama machozi meusi na kuingia kwenye kola ya shati. Mwalimu alishatoka nje. Rukaya akashusha mkono.

"Bado sikio," alisema Mwantumu.

Rukaya akalifuta sikio.

Baada ya hapo alisifiwa, na hilo nalo ni jambo chungu kwa namna yake. Wale wanawake walitoka pale wakasimulia, na watu wakaanza kuja kuutazama ukuta wa Mama Yusra. Walimwona mtu asiye na kichwa anakwenda shamba la kiangazi, wakasema lo, mkono huu. Kukawa na harusi Sindeni, wakamwomba awachoree maua chumba cha bibi harusi. Kisha nyumba nyingine. Kisha Mkata, kwa jirani wa Yusra. Rukaya hakukataa, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaonja kazi na haukutaka tena kukaa bure. Alichora vitu: baiskeli, mikeka, kanzu iliyotundikwa kwenye msumari, mitungi, mahindi. Kiumbe hakuchora, hata kuku. Njia yake ilikuwa ile ile, kwanza maji, kisha kungoja aone kama kitamuuma kikipotea. Vingi havikumuuma. Alivichora hivyo hivyo, vikapendwa.

Nyumbani, asubuhi, alikuwa akikaa mbele ya ukuta wake na kujaribu kukijaza kichwa kwa macho. Hapo ndipo alipolijua jambo ambalo hakumwambia hata Yusra. Ule uso wa ukutani ulikuwa umeziba ule wa zamani. Miezi ile yote alipokuwa akimkumbuka Mwinjuma, alikuwa akiukumbuka ukuta, mahali pa mkaa, mahali pa kidole gumba. Alipoufuta, hakurudi kwa yule wa njiani. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Hata moshi haukuwepo tena.

Mwaka uliofuata, baada ya mfungo, Mustapha alimpigia simu. "Mkaza mjomba, mama anakuita. Anasema uje Korogwe, ukae hata siku mbili." Rukaya akapanda basi, kwa kuwa wifi akiita unakwenda.

Mwantumu alikuwa amekonda. Miguu ilimvimba, akawa wa kukaa barazani tu, mtaa wa Manundu, kwenye nyumba ya tofali za saruji aliyojengewa na mwanawe. Alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, akamsifia khanga. Siku ya pili, wakiwa wamebaki wawili, akasema bila kumtazama:

"Nichoree kaka."

Rukaya alidhani hakusikia sawasawa. "Nani, dada?"

"Mwinjuma. Nichoree. Hata kwenye karatasi, nitaiweka kabatini, haitaonekana. Nimembeba yule, wifi. Nimembeba huku mgongoni. Usiku nataka kumwona nashindwa. Naona mtoto tu. Mtu mzima simwoni."

Moyo wa Rukaya ulitaka kusema maneno, na yalikuwa tayari, yamejipanga. Akayameza. Akaomba maji kwenye bakuli, akapiga magoti barazani, akachovya kidole, akaanza kwenye sakafu ya saruji. Bega likaja mara moja. Jembe likaja. Mgongo, suruali iliyokunjwa, nyayo. Mwantumu akainama kwenye kiti, akashika mdomo. "Ndiye. Haya, endelea."

Kidole kikafika shingoni.

Alichora paji. Likakauka; halikumuuma. Akachora jingine. Akachora pua.

"Siyo hiyo," alisema Mwantumu. "Pua yake haikuwa ndefu."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa… ilikuwa ya kwetu. Kama yangu."

Rukaya akamtazama, akachora pua ya Mwantumu. Wote wawili wakaiangalia mpaka ikakauka.

"Lile kovu la nyusi, liweke," alisema Mwantumu. "Ya kulia."

"Ilikuwa kushoto, dada."

"Kulia! Alianguka nami nipo!"

"Mimi nimelala naye miaka thelathini. Kushoto."

Jua lilikuwa kali, na ule mwili wa maji ulikuwa umeshakauka tangu zamani, sakafu ni nyeupe. Mwantumu akaanza kulia kwa hasira. "Ulikuwa naye ukutani mzima mzima! Kwa nini ulimfuta?"

Rukaya alinyanyuka polepole, goti lake likalia. "Wifi," alisema, na hakupandisha sauti, "nilikuwa nimeacha sikio."

Hawakulizungumza tena, si siku ile wala baadaye.

Rukaya alitaka kuondoka kesho yake, wakamng'ang'ania. Mustapha, alipoona mama yake hali chakula, alikitoa kile kitambulisho cha mjomba wake, akakipeleka kwa mpiga picha mmoja wa karibu na stendi. Baada ya siku chache akarudi na kitu kikubwa kilichofungwa kwa gazeti, kina fremu ya dhahabu. Wakakifungua sebuleni. Uso wa kitambulisho ulikuwa umekuzwa, umesafishwa, mikunjo yote imeondolewa, kovu halipo kulia wala kushoto. Chini ya kidevu alikuwa amevikwa suti nyeusi na tai nyekundu, na nyuma yake kuna pazia la buluu.

"Hii ni ya mashine," Mwantumu alisema haraka, kabla ya kuulizwa. "Si ya mkono wa mtu. Wanasema hii haina neno."

Ikatundikwa. Majirani wakaja kuiona. "Mashaallah," alisema mama mmoja, "marehemu alikuwa mtu wa ofisini?" Mwantumu alifuta machozi, akaitazama ile picha, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyepewa chakula. Akamgeukia Rukaya.

"Ndiye, si ndiye, wifi?"

Rukaya alimwona mtu mgeni, laini kama sabuni, anayetazama mbele. Mtu huyu hakuwahi kugeuka maishani mwake. Akaiona na ile miguu ya Mwantumu, imevimba, imewekwa juu ya kigoda.

"Ndiye," alisema.

"Alhamdulillah. Sasa, mkono wako umebarikiwa. Nizungushie maua pale pembeni, ukuta usiwe mtupu. Mustapha ameshanunua rangi."

Zilikuwa rangi za dukani, za mafuta, kopo jekundu, kopo la buluu, na kopo la kijani, kijani chenyewe, kibichi, kisichofifia. Rukaya alichora tangu asubuhi. Hakuanza na maji, kwa kuwa hapakuwa na haja. Alichora maua na majani kuizunguka fremu yote, akayapanga vizuri, akayatia vikonyo, na kila aliyepita alisema ukuta umependeza.

Alasiri ikaadhiniwa. Akaenda uani kutia udhu, na rangi haikutoka. Rangi ya mafuta hukaa juu ya kucha, maji hayapiti, na udhu hausihi. Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa mchanga. Mustapha akamletea mafuta ya taa na wembe, naye akakaa juu ya ndoo, akaanza kukwangua kucha moja moja, kijani kikidondoka sakafuni. Ndani alimsikia Mwantumu akitoa salamu ya mwisho ya sala yake, kisha akianza kuomba dua kwa sauti, akimtaja Mwinjuma kwa jina lake na la baba yake. Rukaya akasema amina, akageuza mkono, akaendelea na kidole gumba.